Vifaa vya Kupandia Mlima Masika, Vuli na Kiangazi: Lebo Inasema Nini, Mlima Unadai Nini

Kila mwaka inapokaribia Desemba, watu wanaojiandaa kupanda Kilimanjaro ili wawe kileleni kwenye kumbukumbu ya Uhuru wa Tanganyika, tarehe 9, huanza kuulizana maswali yale yale kuhusu vifaa. Mmoja ameambiwa aje na koti zito kuliko yote aliyonayo. Mwingine ameambiwa mwezi huo una joto, kwa hiyo koti la kawaida linatosha. Wa tatu ametumiwa na ndugu yake aliyeko Ulaya begi la kulalia lililoandikwa kuwa ni la misimu mitatu na kwamba linahimili nyuzijoto 10 chini ya sifuri, naye anataka kujua kama vuli ni mmojawapo wa hiyo misimu mitatu. Kenya nako maswali ya namna hii huulizwa kabla ya safari za Mlima Kenya za likizo ya Agosti, na majibu yanayotolewa hupingana kiasi kwamba mtu mwenye fedha kidogo hubaki hajui aanze kununua kipi.

Chanzo cha mkanganyiko huu kinaeleweka. Sehemu kubwa ya vifaa hivi hubuniwa na kuandikiwa lebo kwa ajili ya nchi zenye misimu minne, ambako kinachotofautisha msimu mmoja na mwingine ni baridi. Hema au begi la "misimu mitatu" ni la majira ya machipuko, ya joto na ya kupukutika kwa majani. Msimu wa nne, ulioachwa nje, ni ule wa theluji. Kwetu Afrika Mashariki mpangilio ni tofauti. Kinachobadilika zaidi kati ya masika, kipupwe, vuli na kiangazi ni mvua, upepo na mawingu, ilhali baridi yenyewe hutokana zaidi na urefu wa mahali ulipo na saa ya usiku. Kwa hiyo anayechagua vifaa anapaswa kujiuliza maswali mawili tofauti, ambayo lebo huyachanganya kuwa moja: nitalowa kiasi gani, na nitalala kwenye mwinuko gani?

Misimu ilivyo mlimani

Masika hunyesha kati ya Machi na Mei. Kisha hufuata miezi mikavu ya kipupwe, Juni hadi Agosti, na ukavu huo mara nyingi huendelea hadi Septemba au mapema Oktoba. Vuli huja takriban Oktoba hadi Desemba, na Januari na Februari huwa kavu tena na zenye jua kali. Hata hivyo mlima mmoja hauna hali moja ya hewa. Miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, zinakopita njia za Machame na Umbwe, hupata mvua nyingi kuliko upande wa kaskazini inakoanzia njia ya Rongai, na ndiyo sababu waongozaji wengi humshauri anayelazimika kupanda karibu na masika apitie Rongai. Mlima Kenya nao, njia ya Sirimon ni kavu kuliko ya Naro Moru, ambayo ina eneo refu la matope mazito juu ya msitu. Milima ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, haina msimu mkavu wa kutegemewa hata kidogo, na huko wapandaji hutembea siku nyingi wakiwa wamevaa gambuti za mpira, kiatu ambacho Kilimanjaro mtu angekivaa akashangaliwa.

Kuhusu baridi, kuna hesabu moja ambayo kila mpandaji anaweza kuifanya mwenyewe. Kwa wastani joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6.5 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kilele cha Uhuru kina mita 5,895, na mji wa Moshi uko takriban mita 5,000 chini yake. Mchana ambao Moshi ina nyuzijoto 30, hesabu hiyo inakupa nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri kileleni. Usiku ambao Moshi ina nyuzi 20, unapata nyuzi 12 hivi chini ya sifuri. Haya ni makadirio, na usiku wenyewe unaweza kuwa mkali zaidi, lakini yanatosha kuonyesha kwamba tofauti kati ya bondeni na kileleni ni kubwa mara nyingi kuliko tofauti kati ya Julai na Januari.

Juu ya hayo yote kuna upepo. Hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri, ikivuma kwa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi huihisi kama nyuzi 20 chini ya sifuri. Mtu aliyeangalia utabiri wa joto pekee hana habari ya nusu ya baridi itakayomkuta juu ya kambi ya Barafu au pale Stella, kwenye ukingo wa kreta karibu na kilele. Jambo jingine linalowashangaza wengi ni kwamba usiku wa miezi mikavu unaweza kuwa na baridi zaidi kuliko wa miezi ya mvua, kwa sababu mawingu huzuia joto la ardhi lisipotelee angani, na anga linapokuwa jeupe hakuna cha kulizuia. Anayesema "twende Julai, ni kiangazi, hakuna baridi" amechanganya ukavu na joto.

Nguo haina joto lake

Dhana inayoleta hasara kubwa kuliko zote ni ile ya kudhani kwamba koti zito linatoa joto. Nguo ni kama themosi: haichemshi chai, inachelewesha tu chai uliyoitia isipoe. Joto linatoka mwilini mwako, na kazi ya nguo ni kushika hewa tulivu karibu na ngozi ili joto hilo lisiondoke upesi. Ndiyo maana anayeingia ndani ya begi la kulalia akiwa tayari anatetemeka huendelea kutetemeka kwa muda mrefu, hata begi liwe la bei kubwa namna gani, na ndiyo maana wazoefu hula chakula chenye mafuta, hunywa kitu cha moto na hutembea kidogo kabla ya kulala.

Ukielewa hivyo, mpangilio wa tabaka tatu unaeleweka bila kukariri. Tabaka la kwanza hugusa ngozi na kazi yake ni kuondoa jasho. La kati, ambalo linaweza kuwa nguo moja au mbili, hushika hewa. La nje huzuia upepo na mvua visiivuruge hewa hiyo. Koti moja zito sana halifai kwa sababu halikupi namna ya kupunguza: unapanda mteremko ukiwa nalo, unatokwa jasho, jasho linaloanisha nguo ya ndani, na ukisimama dakika kumi kupumzika unaanza kuganda. Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa, na hapo ndipo hatari ilipo. Kwenye milima yetu watu wengi hupata baridi ya hatari kwa sababu ya kulowa, iwe kwa mvua au kwa jasho, hata pale ambapo kipimajoto hakijafika sifuri.

Pamba ndiyo inayolaumiwa zaidi katika jambo hili, na kwa mwinuko mkubwa lawama hiyo ni ya haki. Fulana ya pamba na suruali ya jinzi hunyonya maji mengi, hukauka polepole na zikilowa hazishiki hewa. Poliesta hunyonya kidogo sana na hukauka upesi. Sufu, hasa ile laini ya kondoo wa merino, hunyonya unyevu lakini huendelea kuhifadhi joto, na faida yake nyingine ni kwamba hainuki hata baada ya siku kadhaa, jambo ambalo wenzako wa hemani watalishukuru. Lakini nisingependa msomaji aondoke akiamini kwamba pamba ni mbaya kila mahali. Kwenye matembezi ya siku moja sehemu yenye joto na ukavu, kama ukingo wa Longonot mwezi Februari, shati jepesi la pamba la mikono mirefu linakukinga na jua, na kule kukauka kwake polepole kunakupoza. Kasoro ya mlima mrefu huwa faida ya bonde la moto.

Tabaka la kati ndilo linalobadilika zaidi kufuata msimu. Makoti na mabegi yaliyojazwa manyoya laini ya bata ni mepesi mno ukilinganisha na joto yanayohifadhi, na hujikunja yakawa madogo kama mkate wa boflo. Kwa Julai, Agosti, Januari na Februari sioni kinachoyashinda. Tatizo ni kwamba manyoya hayo yakilowa hushikamana na kuacha kushika hewa, na katika unyevu wa masika kuyakausha mlimani ni kazi isiyowezekana. Ujazo wa nyuzi za viwandani ni mzito zaidi na huchukua nafasi kubwa, lakini hata ukiwa na unyevu unabakiza sehemu nzuri ya joto lake. Kwa masika, kwa vuli yenye mvua nyingi na kwa Rwenzori wakati wowote, ningechukua nyuzi za viwandani bila kusita. Flisi, yaani ile nguo laini ya poliesta yenye manyoya mafupi, ni rafiki wa misimu yote: si ghali, hukauka upesi, na kasoro yake kubwa ni kwamba upepo hupita ndani yake kana kwamba haipo.

Maana ya "haipitishi maji"

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kuna tofauti kati ya nguo inayostahimili manyunyu na nguo isiyopitisha maji. Ya kwanza hufukuza matone kwa dakika chache, halafu husalimu amri. Ya pili huwa na utando ndani ya kitambaa, na mishono yake huzibwa kwa utepe kwa upande wa ndani. Ukigeuza koti ukaona nyuzi za mshono ziko wazi bila utepe, basi hata kitambaa kiwe kizuri namna gani, maji yatapita kwenye matundu ya sindano.

Namba kama 5,000, 10,000 au 20,000 zinazoandikwa kwenye makoti ni urefu, kwa milimita, wa nguzo ya maji ambayo kitambaa kilihimili maabara kabla ya kuanza kuvuja. Koti la 5,000 hufaa kwa mvua fupi. La 10,000 na kuendelea ndilo la kufikiria kwa siku nzima ya mvua, kwa sababu mikanda ya begi la mgongoni hukandamiza kitambaa mabegani na kuyasukuma maji ndani kwa nguvu kuliko mvua yenyewe ifanyavyo.

Hata hivyo koti bora kuliko yote linaweza kumfanya mtu adhani limevuja wakati halijavuja. Makoti haya huruhusu mvuke wa jasho utoke kwa kutegemea kwamba hewa ya nje ni kavu kuliko ya ndani. Ndani ya msitu wa Machame mwezi Aprili hewa ya nje imeshashiba unyevu, kwa hiyo mvuke hauna pa kwenda, unageuka maji ndani ya koti, na mwenye koti anarudi kumlaumu muuzaji. Dawa yake si kununua koti la gharama zaidi. Ni kuchagua lenye zipu za kufungua kwapani, kupunguza nguo za ndani, kupunguza mwendo, na, pendekezo ambalo baadhi ya watu hulidharau, kubeba mwavuli. Msituni hakuna upepo mkali, na mwavuli unakukinga huku hewa ikipita pande zote. Ukishatoka msituni ukaingia eneo la wazi lenye upepo, mwavuli na poncho vyote havina kazi, na hapo koti lenye kofia inayobana vizuri halina mbadala.

Kuna jambo moja la matunzo ambalo linaokoa makoti mengi yanayotupwa. Koti likiwa jipya, matone ya maji huviringika juu yake na kudondoka. Baada ya muda huanza kutota na kuwa zito, na mwenyewe huamini limekufa. Mara nyingi utando bado ni mzima. Kilichokwisha ni dawa ya juu ya kitambaa inayofukuza maji, ambayo huuawa na uchafu, jasho na mabaki ya sabuni ya unga. Lifue kwa sabuni ya maji isiyo kali, lisuuze mara mbili, usitie kabisa kilainishi cha nguo, kisha, kama lebo inaruhusu, lifunike kwa kitambaa chepesi na upitishe pasi ya moto mdogo juu yake. Joto huiamsha dawa hiyo, na kama haiamki, zipo za kupulizia.

Namba za begi la kulalia

Turudi kwa yule aliyetumiwa begi la nyuzi 10 chini ya sifuri. Mabegi yanayopimwa kwa kiwango cha kimataifa, ISO 23537, huwa na namba tatu. Ya kwanza ni ya starehe, yaani joto la hewa ambalo mwanamke wa kawaida aliyejinyoosha atalala bila kusumbuliwa na baridi. Ya pili ni ya ukomo, ambapo mwanamume wa kawaida aliyejikunja anaweza bado kupata usingizi. Ya tatu ni ya hatari: kwa namba hiyo mtu anatarajiwa kupona usiku, si kulala, na anaweza kudhurika kwa kushuka kwa joto la mwili. Watengenezaji na wauzaji wengi huandika mbele ya begi ile namba inayovutia, na si ajabu kukuta begi la "nyuzi 10 chini ya sifuri" ambalo starehe yake inaishia karibu na sifuri. Tafuta lebo ndogo ya ndani na usome namba ya starehe pekee. Kama begi halina namba tatu, lichukulie namba yake kuwa ya matumaini.

Kwa kambi ya Horombo ya Kilimanjaro, mita 3,720, begi ambalo starehe yake ni karibu na nyuzi 5 chini ya sifuri linamtosha mtu wa kawaida. Kwa Kibo au Barafu, ambako unalala juu ya mita 4,600, tafuta starehe ya nyuzi 10 chini ya sifuri au baridi zaidi ya hapo, katika msimu wowote. Kwa hiyo, kwa yule aliyetumiwa begi, vuli haimo na wala haikosekani katika lebo yake. Cha kuangalia ni atalala wapi, na kama begi lake ni la manyoya, atalilinda vipi na mvua ya Desemba.

Watu hutumia fedha nyingi kwenye begi na kusahau kinacholala chini yake. Uzito wa mwili hukandamiza ujazo wa upande wa chini hadi hauna hewa, na ardhi baridi hunyonya joto usiku kucha. Godoro la kulalia hupimwa kwa thamani inayoandikwa R: sponji nyembamba ya kawaida huwa na kama 2, na kwa kambi za juu inafaa kufikia 4 na zaidi. Jambo la kufurahisha ni kwamba thamani hizi hujumlishwa. Sponji mbili za bei nafuu zikipangwa moja juu ya nyingine zinakupa takriban 4, na sponji haitoboki saa nane za usiku.

Viatu, hasa vya mtumba

Sitarefusha kuhusu umbo la kiatu, maana kanuni ni chache. Jaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi utakazotumia mlimani. Simama kwenye mteremko ukitazama chini. Vidole vikigusa mbele, kiatu ni kidogo, na siku ya kushuka kutoka Barafu hadi Mweka itakung'oa kucha. Kivae wiki kadhaa kabla ya safari. Usivae soksi mbili nene ndani ya kiatu kinachobana, kwa sababu damu isipozunguka vizuri miguu hupoa zaidi. Msimu unaamua mengine: utando usiopitisha maji ndani ya kiatu ni msaada mkubwa masika, lakini kwenye vumbi na joto la Januari miteremko ya chini huufanya mguu uchemke na kutota jasho. Vumbi la kiangazi na matope ya masika vyote vinazuiwa na vifuniko vya kifundo cha mguu, geita, ambavyo ni kifaa cha bei ndogo kinachostahili kuwa kwenye begi mwaka mzima. Anayepanda Ol Doinyo Lengai, ambako watu hupanda usiku kukwepa joto na ardhi ni majivu na mawe yanayoteleza, atavihitaji zaidi ya koti, pamoja na glavu za kushikia miamba.

Nataka nikae zaidi kwenye mitumba, kwa sababu ndiko wengi wetu tunakopata buti: soko la Memorial pale Moshi, Mchikichini jijini Dar es Salaam, Gikomba na Toi huko Nairobi. Buti nzuri ya ngozi iliyovaliwa kidogo inaweza kuonekana ni bahati isiyojirudia, na bado ikakuachia soli njiani siku ya pili. Sababu ni kwamba buti nyingi zina sponji ya poliyurethani kati ya soli ya chini na mwili wa kiatu, na sponji hiyo huharibika kwa unyevu wa hewa hata kama kiatu hakivaliwi. Baada ya miaka kadhaa kabatini au ndani ya robota hubaki na sura yake ya nje, huku ndani imekuwa kama biskuti. Joto na unyevu huharakisha jambo hili, kwa hiyo kiatu kilichokaa Tanga, Mombasa au Unguja kiko hatarini kuliko kilichokaa Njombe.

Kukipima ni rahisi. Bonyeza sponji ya pembeni kwa ukucha wa kidole gumba: ikirudi ni nzima, ikibaki na alama, ikitoa unga au ikipasuka vijistari, kiache. Kunja kiatu kwa nguvu mara kumi huku ukitazama mahali soli inapoungana na ngozi. Ukishakinunua, kipe siku mbili za kutembea kwenye njia ya mawe karibu na nyumbani, maana ni heri kife huko. Na hata ukikiamini, beba gundi kali na kamba imara ya mita mbili.

Koti la mtumba nalo lina vipimo vyake. Ligeuze ndani, utepe wa mishono ukiwa unabanduka, au utando ukiwa unanata na kutoa harufu ya uchachu, limekwisha. Kama muuzaji anakuruhusu, tengeneza kishimo kwa kitambaa cha mgongo juu ya kikombe, mimina maji, subiri dakika kumi, uone kama chini kuna tone. Begi la kulalia, iwe la kununua au la kukodi, lifungue na ulitandaze, kisha usubiri robo saa. Likijaa hewa na kuinuka ni zima. Likibaki limelala, na ukiliinua kwenye mwanga unaona mabonge na sehemu tupu, halitakusaidia. Kukodi mjini Moshi au Arusha ni uamuzi wa busara kwa anayepanda mara moja, mradi akague kabla ya kulipa, mchana, zipu zote zifunguliwe na kufungwa.

Madogo yanayoharibu safari

Betri hupoteza nguvu kwenye baridi. Zile za lithiamu hustahimili kuliko za alkali, na zote zinafaa kulala nawe ndani ya begi. Maji ya kwenye mpira wa kunyonyea huganda usiku wa kilele, kwa hiyo beba chupa ngumu yenye mdomo mpana na uigeuze kichwa chini, kwa kuwa barafu huanza juu. Mionzi mikali ya jua huongezeka kwa asilimia 10 hivi kwa kila mita 1,000, na mawingu ya masika hayaizuii yote, hivyo miwani yenye kinga halisi ya mionzi hiyo si pambo. Kifuniko cha mvua cha begi la mgongoni hakizuii maji yanayoshuka kupitia mgongoni mwako. Panga nguo ndani ya mfuko imara usiopitisha maji, na usitegemee mifuko ya rambo, ambayo ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Jozi moja ya soksi kavu iwe ya kulalia tu, isitembelewe kwa sababu yoyote. Na pombe haitii joto: hutanua mishipa ya damu karibu na ngozi, unahisi moto huku joto la ndani likikimbia.

Kama fedha hazitoshi vyote, ningeanza na buti zinazokaa vizuri, kisha koti la mvua la kweli, kisha godoro la kulalia. Flisi na nguo za ndani za poliesta zinapatikana mtumbani kwa bei ya chini. Begi la kulalia na koti la manyoya ningekodi.

Vifaa vya safari vinawahusu pia watu wanaovibeba. Kilimanjaro kikomo cha mzigo wa mpagazi ni kilo 20 na mizigo hupimwa getini, kwa hiyo kila kitu unachoongeza "kwa tahadhari" ni uzito juu ya kichwa cha mtu mwingine, ambaye mara nyingi analala kwenye baridi ile ile na nguo pungufu kuliko zako. Pale Moshi kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, ambao huwaazima nguo za mlimani bila malipo. Kabla ya kulipia safari, iulize kampuni wapagazi wake watavaa viatu gani, watalala kwenye hema gani na juu ya nini, na uliulize swali hilo kwa uzito ule ule uliouliza namba ya starehe ya begi lako.